Sokoni, maabara ya kompyuta au igizo la kuajiri: ipi inafundisha vizuri mada ya teknolojia, biashara na ajira?

Walimu wenzangu wa biashara, mada hii inatutesa kila mwaka. Unaingia kidato cha tatu, unaandika ubaoni "athari za teknolojia ya kidijitali kwenye biashara na ajira", unashusha faida sita na hasara sita, wanakopi, mtihani unakuja wanazimwaga zilezile kama zilivyo, mada imeisha. Halafu miaka miwili mbele unakutana na mmoja wao stendi ya Msamvu anakwambia mwalimu nimeomba kazi sehemu kumi na nne hamna hata mmoja aliyenijibu, na ukimuuliza umeombaje anakufungulia simu anakuonyesha CV aliyoipiga picha juu ya kitanda, karatasi imepinda, kidole gumba kinaonekana pembeni, na hiyo ndo alikuwa anawatumia watu. Mimi niliumia kweli siku ile, maana huyo nilimfundisha mwenyewe na kwenye mada hii alipata alama nzuri tu.

Toka hapo zile sita kwa sita nikaachana nazo. Nimejaribu njia tatu kwa kina na mbili nyingine juu juu, sasa nataka nizishindanishe hapa ili wewe unayeandaa andalio la muhula ujao uchague kulingana na shule yako ilivyo. Yangu ni shule ya kata hapa Morogoro, darasa lina watoto 58, kompyuta tunazo 12 zinazowaka 9, na projekta ipo moja tunayogombania na watu wa sayansi. Kama shule yako ina kila mtoto na kompyuta yake basi mengine hapa chini utayapunguza mwenyewe.

Kuwatoa kwenda sokoni

Hii ndo niliyoanza nayo na bado naipenda. Kuna kitu kimoja lazima ukielewe kabla hujachagua: hawa watoto wamezaliwa M-Pesa ipo. Ilianza Kenya 2007, kwetu ikaingia 2008, kwa hiyo ukisimama mbele yao ukasema teknolojia imebadilisha biashara wao hawaoni kilichobadilika, kwao dunia ndivyo ilivyo siku zote. Ni kama kumwambia samaki habari za maji. Anayeweza kuwaambia kilichobadilika ni mtu aliyefanya biashara kabla na anaifanya mpaka leo, na huyo utampata sokoni, kwenye kitabu humpati.

Nilienda nao soko la Chifu Kingalu kwa makundi ya watu sita sita, kila kundi na daftari na maswali manne tu: zamani hela ulikuwa unaipokeaje, sa hivi unaipokeaje, nani alikuwa anakusaidia kazi, sasa hivi nani anakusaidia na ulimpataje. Hilo swali la mwisho ndo lililozaa kila kitu. Kuna mama wa mchele, ana kibango cha lipa namba kimefungwa kwa kamba ya katani kwenye nguzo, namba zimeanza kufutika amezipitishia juu kwa kalamu ya maka. Akawaambia hivi, wanangu, zamani nilikuwa na kijana kazi yake ilikuwa kushika hela na kwenda kutafuta chenji, nikiuza kilo tano nikapewa noti ya elfu kumi yeye anazunguka soko zima. Sasa mteja analipa kwenye simu chenji haipo tena, yule kijana nikamwambia baba nenda katafute kwingine. Watoto wakaandika. Halafu akaendelea, ila nimechukua binti, anajibu oda za WhatsApp, anapima, anamfungia bodaboda mzigo, maana wateja wangu wa Kihonda hawaji tena huku wanaagiza tu. Ulimpataje mama? Nilimwona kwenye status ya shemeji yangu ameandika anatafuta kazi.

Haya sasa, hapo una mada nzima ndani ya meza moja ya mchele. Kazi moja imekufa, nyingine imezaliwa, aliyeipoteza na aliyeipata sio mtu mmoja, ujuzi unaotakiwa umebadilika kutoka miguu kwenda kwenye kusoma na kuandika haraka, na tangazo la kazi limehama kutoka mdomoni kwenda kwenye status. Na mama akamalizia na kitu ambacho hakimo kwenye notisi za mtu yeyote: mkulima wake wa Kilombero bado anataka keshi mkononi, kwa hiyo kila akienda kuchukua mzigo lazima aitoe ile hela kwa wakala na akatwe. Kumbe simu imemrahisishia upande wa kuuza, upande wa kununua bado kabisa. Mtoto mmoja akamuuliza sasa hiyo makato unaiweka wapi mama, akacheka akasema naiweka kwenye kilo.

Ubaya wa njia hii ni muda. Asubuhi nzima imekwenda, vipindi vya watu wengine umekula, unahitaji kibali cha mkuu wa shule na walimu wawili wa kukusaidia kusimamia, na wafanyabiashara usipoenda kuongea nao siku moja kabla watawafukuza watoto kwa sababu wanadhani ni watu wa kodi. Nauli kwetu haikuwa shida tulitembea. Lakini udhaifu mkubwa ni kwamba sokoni ajira rasmi haionekani. Watoto walirudi wanajua biashara ndogo imebadilikaje, ila ukimuuliza kampuni kubwa au serikali inaajirije siku hizi bado giza.

Maabara ya kompyuta

Watu wengi wakisikia mada ina neno teknolojia wanakimbilia hapa, na mimi nilikimbilia. Wazo lilikuwa zuri, tufungue Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira waone kazi za serikali zinavyotangazwa na kuombwa, tufungue na zile tovuti zinazotangaza kazi za kampuni binafsi kama BrighterMonday, kila mtu ajaze.

Kwanza kabisa, kwenye Ajira Portal kufungua akaunti kunataka namba ya NIDA, yani ya kitambulisho cha taifa, na NIDA mtu anaandikishwa akifika miaka 18. Wangu wana 16, 17. Kwa hiyo kusoma matangazo wanaweza, kujaza hawawezi. Hilo lisikukatishe tamaa, soma nao tangazo moja neno kwa neno maana pale kuna elimu kubwa: sifa za mwombaji, masharti ya jumla, viambatanisho, tarehe ya mwisho. Waulize hii kazi ingetangazwa miaka ya tisini ingekuwaje, wazazi wao watawaambia ilikuwa gazeti, bahasha ya kaki na sanduku la posta, na mtu wa Namtumbo kule Ruvuma gazeti linamfikia siku tatu baadaye. Leo wa Namtumbo na wa Masaki pale Dar wanaliona dakika moja, ilimradi wote wana bando. Hiyo "ilimradi" ndo ya kuijadili.

Pili ni namba tu. Watoto 58 kwa kompyuta 9 ni sita sita na zaidi, anayeshika mausi ni mmoja, na kwa bahati mbaya mara nyingi ni yuleyule ambaye nyumbani kuna kompyuta. Wale wanaohitaji zaidi wamesimama nyuma wanaangalia mgongo wa mwenzao. Siku ya pili umeme ukakatika dakika ya kumi na mbili ya kipindi. Sina wa kumlaumu, ila nilijifunza kwamba somo lisitegemee soketi.

Kilichofanya kazi vizuri maabara ni kitu kidogo sana ambacho sikukipanga: kutuma barua pepe. Nikasema kila mmoja atengeneze anwani ya barua pepe na anitumie ujumbe wa kuomba kazi, na kichwa cha habari, na kiambatanisho kilichopewa jina. Wengine anwani zao zilikuwa majina ya utani ya ajabu, wengine wameacha ujumbe mtupu wakaambatanisha tu faili linaitwa "Document1". Tulikaa vipindi viwili kwenye hilo peke yake na kwangu ndo faida kubwa ya maabara, siyo mfumo wowote mkubwa, ni mtoto kujua kwamba faili liitwe kwa jina lake na CV iwe pdf siyo picha. Yule kijana wa Msamvu kama ningemfundisha hili tu!

Kwa hiyo ukilinganisha: sokoni anaona sababu na matokeo ya mabadiliko, maabara anapata mkono. Sokoni haihitaji umeme, maabara bila umeme ni chumba. Sokoni darasa zima linashiriki, maabara robo tu inashiriki labda ugawe vipindi, na kugawa vipindi ni kazi mara nne.

Igizo la kuajiri

Sasa hapa nakaa kidogo, maana mimi naona hii ndo inazishinda zote kwenye upande wa ajira, na haihitaji zaidi ya bahasha, karatasi na kompyuta moja.

Nilibandika tangazo mlangoni mwa darasa: duka la vifaa vya ujenzi linatafuta muuzaji mmoja, ajue hesabu, ajue kutumia simu kupokea oda na malipo, mwenye uzoefu atapewa kipaumbele. Watoto sita nikawafanya kamati ya ajira, waliobaki 52 wote waombe kazi. Kila mwombaji alete vitu viwili, barua ya mkono ndani ya bahasha, na fomu fupi ya ukurasa mmoja yenye visanduku: umri, elimu, alama ya hesabu, uzoefu kwa miaka, anajua WhatsApp ndiyo au hapana. Namba za simu nikawaambia watunge, msiandike za kweli. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na hiyo ilikuwa nafasi nzuri ya kuwaambia kwamba CV ya mtu sio karatasi ya kufungia vitumbua.

Kamati nikaigawa. Watatu wanasoma bahasha, kama ilivyokuwa zamani. Watatu wengine nimewaingizia zile fomu kwenye Excel (jioni yake nilichapa mwenyewe, ilinichukua kama saa moja na nusu) na kazi yao ni kuchuja tu.

Wa Excel walimaliza kabla sijakaa. Wakaweka uzoefu uanzie miaka miwili, 52 wakawa 9. Wakaweka hesabu kuanzia C, wakabaki 4. Darasa likapiga makofi. Wa bahasha mpaka kengele ya kipindi cha pili inalia walikuwa wamefika bahasha ya 23, macho yamechoka, na wenyewe walikiri kwamba zile za kumi za kwanza walizisoma vizuri na zilizofuata walikuwa wanatafuta mwandiko mzuri tu. Yani hapo faida ya teknolojia kwa mwajiri mtoto haihitaji kuikariri tena, ameiona kwa macho yake, na haki pia iko humo, maana kwenye Excel fomu ya 52 imesomwa sawasawa na ya kwanza.

Halafu nikawaambia kamati ya bahasha watutajie chaguo lao la kwanza. Wakataja binti mmoja mkimya anayekaa dirishani. Barua yake ilisema toka darasa la sita kila likizo anakaa dukani kwa shangazi yake, anauza misumari na rangi, anapokea hela kwa simu, jioni anapiga hesabu ya floti, yani hela iliyo kwenye simu, na ya droo. Nikawageukia wa Excel, huyu kwenu yuko wapi? Hayupo. Ametoka mchujo wa kwanza kabisa. Tukafungua fomu yake, kwenye kisanduku cha uzoefu ameandika 0.

Nikamuuliza kwa nini umeandika sifuri. Akasema mwalimu, sijawahi kuajiriwa, pale nilikuwa namsaidia shangazi.

Darasa lilinyamaza. Na mjadala uliofuata siwezi kuuandika wote hapa, ila ulikwenda pande tatu: wapo waliosema kosa ni la kompyuta, wapo waliosema ni la binti hajui kujieleza, na kijana mmoja wa nyuma kabisa akasema kosa ni la aliyeweka kigezo, kompyuta imefanya ilichotumwa. Mimi sikuwajibu. Niliwapa kisa cha kampuni ya Amazon, kwamba walijaribu kutengeneza mfumo wa kupanga CV kwa nyota moja mpaka tano, wakaufundisha kwa CV za miaka kumi iliyopita ambazo nyingi zilikuwa za wanaume, nao ukajifunza kuzishusha CV zenye maneno ya kuonyesha mwombaji ni mwanamke, mpaka unahodha wa klabu ya chess ya wanawake ukawa doa. Wakauacha, na Reuters wakaiandika habari hiyo Oktoba 2018. Siku nyingine kisa kama hicho kingepita juu ya vichwa vyao, siku ile walikielewa mara moja kwa sababu sifuri ya mwenzao walikuwa wanaiangalia mbele yao.

Kipindi kilichofuata kila mtu aliandika upya kisanduku cha uzoefu. Kuuza genge na mama, kusimamia banda la kuku, kufanya hesabu za vikoba vya bibi, kumshikia kaka kibanda cha uwakala, vyote vikapata miaka na maelezo ya kazi. Sijawahi kuona darasa langu linaandika kwa bidii vile.

Udhaifu upo. Inakula jioni yako. Inahitaji mwalimu asiyeogopa kelele. Na watakaokataliwa wanaumia kweli hata kama ni igizo, kwa hiyo matokeo usiyasome kwa majina ya walioshindwa, soma ya waliopita tu kisha kila mtu mpe fomu yake mkononi.

Kisa kwenye karatasi, na mgeni

Hizi naziweka pamoja kwa haraka. Kisa kwenye karatasi ni rahisi kuliko zote, unatoa kopi moja kwa kila dawati, na kwetu Tanzania visa vizuri vipo. Jumia, lile duka la mtandaoni, waliingiza hisa soko la New York Aprili 2019, Novemba mwaka huohuo wakafunga Tanzania, wakati wauza nguo wa Kariakoo kwa Instagram na bodaboda waliendelea kama kawaida. Waulize kwa nini. Tozo za miamala ya simu zilianza Julai 2021, Septemba zikapunguzwa asilimia 30. Waulize mama wa mchele afanye nini wiki ile. Na Uber, zile taksi za kuita kwa simu, ndo kisa changu ninachokipenda: 2022 LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, iliweka ukomo wa kamisheni anayokatwa dereva asilimia 15, Aprili Uber wakasimamisha huduma, 2023 wakarudi baada ya ukomo kupandishwa. Hapo uliza swali moja tu, dereva wa taksi za namna hii ameajiriwa na nani? Hakufanyiwa usaili, hana meneja anayemwita ofisini, anayempa alama ni abiria na anayeweza kumfungia ni programu. Watagombana mpaka kengele.

Ila kisa peke yake kinabaki karatasi. Kama hawajaenda sokoni wala hawajachujwa na Excel watakisoma kama historia.

Mgeni, yani kumwita HR (afisa rasilimali watu) wa kiwanda au wa benki aje aongee, nilijaribu mara mbili. Wanachokumbuka ni suti. Labda uwe umewapa kazi ya igizo kabla, waje na maswali yao ya kweli, hapo mgeni anakuwa na thamani, vinginevyo ni hotuba tu.

Sasa uchague ipi

Kama una vipindi viwili tu na hamna kingine, fanya igizo, hata bila kompyuta. Chukua watoto watatu wakae kama "mashine", wape sheria mbili za kuchuja kwenye karatasi na wasiruhusiwe kusoma kitu kingine chochote, matokeo yatakuwa yaleyale. Nimewahi kufanya hivyo siku hamna umeme na ilinoga zaidi maana waliona mashine ni sheria za watu.

Kama una wiki nzima, anza sokoni halafu igizo, na tangazo la kazi la igizo litoke kwa mfanyabiashara waliyemhoji. Mwaka huu mama wa mchele ametuambia mwenyewe anatafuta mtu wa nini, tukaandika tangazo kwa maneno yake.

Shule yenye maabara nzuri na umeme wa uhakika, weka barua pepe na kiambatanisho kabla ya igizo, ili maombi yaje kwa barua pepe. Usianze na tovuti za ajira, zitakuja zenyewe. Na shule za mjini ambako watoto wana simu janja nyumbani, wape kazi ya kwenda kukusanya matangazo ya kazi yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wayapange mawili, la kweli na la utapeli. Hili naomba usiliache hata kama umechagua njia gani. Tangazo linalosema tuma elfu kumi ya fomu kwenye namba hii, au mshahara mkubwa na kampuni haina jina wala ofisi, watoto wetu wanalipa jamani. Kuomba kazi serikalini hakuna ada. Niliwauliza darasani nani ana ndugu aliyewahi kutuma hela ya "usajili wa kazi", mikono ikanyanyuka kumi na moja.

Mwisho ni tathmini, kwa sababu najua mtihani bado unauliza sita kwa sita. Wangu walipofika kwenye mtihani waliandika hoja zilezile ila kila hoja ilikuwa na mtu ndani yake, kijana wa chenji, binti wa oda, sifuri ya mwenzetu, na msahihishaji anatoa alama kwa mfano. Zile fomu za igizo nimeziacha mikononi mwao. Yule binti wa dirishani alikuja kuniomba karatasi nyingine tupu, akasema anataka kumjazia dada yake aliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi, yuko nyumbani, naye anasema hana uzoefu.